Daftari la Kivuli

Jumanne, saa moja asubuhi, umande umenilowesha hadi magotini.
Nimebeba utepe wa kupimia, kopo la rangi nyekundu,
na daftari ambalo ushirika umelipatia jina refu
lakini wanawake wa Nsuano huliita la kivuli, basi.

Kazi yangu ni kuhesabu miti isiyozaa kakao.

Mwaka jana harmatani ilikuja kabla ya zamu yake
ikakaa, kama mgeni asiyejua kuna siku ya jembe.
Vitoto vya kakao vilikauka vikiwa na urefu wa kidole,
vyeusi, vimeng'ang'ania shina, havikubali hata kuanguka.
Mzani wetu, uliozoea kugombewa,
ukafumiwa utando na buibui.

Tulikaa kikao toka adhuhuri hadi taa.
Ebo Kwofie alipiga meza: mvua haisomi muhtasari!
Hata hivyo tuliandika: kila ekari, miti minane ya kivuli.
Nani atahesabu?
Wakanitazama mimi,
kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Shamba la Afua Bozoma liko mwisho wa njia, ng'ambo ya kijito.
Jua huingia humo bila hodi.
Kuna visiki vitatu, kila kimoja upana wa meza ya kulia,
na kila kimoja kimevaa pete ya mkaa.

"Mume wangu," anasema, bila kuvitazama.
"Usiku. Aliufunga moto shinani
kama mtu anavyomfunga mtoto hirizi."

Hakuwa mwendawazimu.
Mti wa nne ndio uliokuwa wa kwanza:
walikuja watu wenye karatasi na misumeno,
wakasema emire huu ni wa serikali.
Ulipoanguka ulilalia mikakao arobaini na mmoja.
Arobaini na mmoja, anarudia, na midomo inaendelea
kana kwamba kila mmoja ulikuwa na jina.
Fidia waliyoacha ilikuwa unga wa mbao.
Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo;
huyu hakungoja kushtuka.
Aliuchoma ung'ongo.

Ananivuta kwa mkono wa shati.
Katika njia ya trekta, ile waliyoichimba wakiondoka na gogo,
kuna mche wa emire. Haujanifika nyonga.
Ameuzungushia vigingi vya mianzi
na kipande cha kilemba chake cha zamani, cha njano,
ili vibarua wakija kufyeka
mapanga yaujue.

Hapo ndipo fomu iliponiaibisha.
Ina visanduku viwili:
Umepandwa. Umeota wenyewe.
Ukiwa umepandwa, ni wako, mpaka wajukuu.
Ukiwa umeota wenyewe,
tunarudi kwa wale wenye karatasi.
Nilimsomea polepole, nikikazia cha kwanza,
maana kalamu nayo hujua kukonyeza.

Akafikiri. Akabandua konokono kwenye jani.
"Sikuupanda," akasema.
"Kilichopanda ni mkono wangu, mara tisa, na panga ndani yake.
Mara tisa nikaushusha.
Sasa hiyo ni kuota wenyewe?
Andika hivyo."

Hakuna kisanduku cha mkono ulioshushwa.
Nikachora cha tatu, kikapinda upande,
pembeni nikaandika: Umeachwa.
Akachovya gumba kwenye kopo la rangi bila kuniuliza
akaligandamiza pale, zito,
likavuja hadi ukurasa wa jirani yake.

Alhamisi kamati itanisomesha namba.
Ebo atasema tarakilishi ya wilaya haimjui "Umeachwa".
Na iwe.

Nilikuwa nimefunga daftari aliponirudisha.
"Hukupima kivuli."
"Mama, tunapima shina."
"Daftari la nini hili?"

Saa tano na nusu. Nikapiga goti.
Kando ya mche palikuwa na mkakao wa mwezi wa pili, mwembamba,
na kivuli kilikuwa kimeufikia,
si wote.
Nikahesabu, yeye akihesabu nyuma yangu kwa sauti.
Nikaandika: majani manne.