Zamu ya Maji

Pua ndiyo iliyotangulia kuondoka.
Baba, mwonjaji wa kahawa mjini Moshi miaka thelathini na mmoja,
aliyevuta kijiko kimoja kwa kishindo
na kukwambia hii ni ya Kibosho, mteremko wa juu,
na imelala usiku mmoja zaidi majini,
siku hiyo alivuta, akakiweka kikombe chini taratibu
kama mtu aliyefungua barua isiyo yake.
"Maji ya moto," alisema.

Tukadhani mafua. Tukamchemshia tangawizi.
Ikapita miaka sita kabla kidole gumba
hakijaanza kuhesabu noti zisizokuwepo.

Mimi ni mtu wa maabara, majina nayajua.
Chini ya ubongo kuna sehemu nyeusi,
nyeusi kwa jicho tupu,
kama udongo wa Mbokomu baada ya mvua ya kwanza.
Kwa wagonjwa kama Baba hupauka.
Humo hutengenezwa dopamini:
si furaha, kama redio zinavyopenda kusema,
bali lile "twende" linalotangulia mguu.

Mama nilimweleza kwa lugha ya kihamba.
Seli haiishi kwa kuzaliwa tu, Mama, hulishwa.
Kuna protini, kichocheo cha ukuaji,
majirani huitoa, nayo hupanda mzizi mrefu
hadi ndani ya seli, ikiiambia:
bado unahitajika, usinyauke.
Ikikoma, seli haigombi.
Hukunja matawi, moja moja.

Mama akaacha kumenya ndizi.
"Kumbe ni mfongo. Nani kauziba?"

Hilo hata vitabu vyangu havijui.

Kikaja kidonge kinachoigiza dopamini.
Mkono ukatulia. Baba akatembea hadi Kiborloni bila fimbo,
nasi tukapeleka mkungu wa shukrani, ukanadiwa baada ya ibada.

Kisha nikaiona simu yake.
Mzee wa kanisa, aliyekataa hata bahati nasibu ya shule,
anabeti. Saa nane za usiku.
Mechi za Finlandi, timu asizoweza kuzitamka.
Hela ya mbolea imekwenda. Hela ya ndama imekwenda.
Ndelakwila, kaka yangu, akafoka: "Uzeeni ndiyo anaharibika!"
Nikamjibu: si tabia, ni dozi.

Nikalala macho.
Tabia ni nini basi,
kama punje ya kidonge yaweza kumtoa mtu benchi la mbele?
Na uadilifu wake wote wa zamani,
ulikuwa wake, au wa seli zilizoshiba?

Daktari akapunguza dozi. Noti zikarudi kuhesabiwa.

Baba mwenyewe akauliza kuhusu ile protini.
Sikumpamba. Ng'ambo wameipitisha kwenye fuvu kwa mrija mwembamba:
wengine wakanyanyuka, wengine wakabaki walivyo,
na waliotiwa maji matupu nao wakanyanyuka kidogo.
"Na panya?"
Panya wakikimbizwa kwenye gurudumu, nikasema,
huonekana kujitengenezea zaidi.
Akacheka, mara ya kwanza tangu Pasaka.
"Haya, Aikande. Nitafutie gurudumu."

Jumamosi ni zamu yetu ya maji.
Baba hubeba jembe, hatua fupi fupi.
Akigandia langoni, nachora mstari kwa kisigino
naye huuvuka, kana kwamba mguu ulingoja kuombwa.
Anazoa tope, majani, chupa ya soda ya mtu.
Mkono ukishika mpini hautetemeki;
ni mapumziko ndiyo yanayousumbua.

Maji yanafika yamebeba takataka za juu huko,
yanasitasita, yanaingia migombani.
Baba anachota udongo, anaupeleka puani,
anakaa nao muda mrefu.
Simuulizi.

Saa tatu tunafunga.
Ni zamu ya akina Mamkinga.