Kumi na Mbili kwa Kumi na Nne

Chini ya mahakama ya wilaya, huku Nebraska,
ambako bomba la maji moto hukoroma kama mgeni aliyeshiba,
mimi ndiye mwenye funguo.
Nalipwa kupanga viapo vya waliokufa.

Kiapo namba mia tatu na nne:
Asael Pruitt, shahidi, mkono wa kuume juu ya Biblia,
asema ameiona kwa macho yake mawili
nyumba ya Vojtech Sedivy, kumi na mbili kwa kumi na nne,
ina mlango, ina paa, ina dirisha la kioo.
Karani akaandika. Muhuri ukapigwa.
Kumi na mbili nini, hakuuliza.

Nyumba yenyewe ipo. Iko rafuni, ubavuni mwa kikombe changu.
Inchi kumi na mbili kwa inchi kumi na nne,
mbao za sanduku la sabuni,
paa lafunuka kama kifuniko cha sufuria.
Paka angeingia, ila mkia angeuacha nje.

Kioo kilikuwa cha Pruitt.
Alikiviringisha blanketi, akakizungusha kwa gari la farasi,
senti hamsini kwa kutwa, na chai juu yake.
Masika yale dirisha lile moja liliangalia ndani ya nyumba kumi na saba.
Kwa Vojtech kilizidi ukuta;
wakakiegemeza tu, shahidi akatazama upesi
kabla upepo haujakisukuma.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi.
Ya hawa ilikuwa maili arobaini hadi Afisi ya Ardhi,
na barafu bado mtoni.

Umri wake?
Miaka kumi na saba na miezi miwili.
Dada yake Ludmila alichana karatasi ya unga,
akaandika 21 kwa makaa,
akaitia ndani ya kiatu, chini ya wayo.
"Naapa," akasema kijana, bila kupepesa,
"niko juu ya ishirini na moja."
Alikuwa juu yake kweli. Mungu ni shahidi, na soksi.

Sicheki sana.
Nimeona pia daftari la duka:
mifupa ya nyati, gari moja, dola sita,
mifupa ya nyati, nusu gari, dola tatu kasoro,
unga, chumvi, unga, dawa ya kifua,
kisha ubao wa jeneza, mfupi.
Walilala ndani ya udongo waliokata kwa jembe,
mvua ikikoma nje, ndani huendelea siku tatu,
na nyoka wa darini huanguka mezani
bila kubisha hodi.
Ludmila hayumo tena katika hesabu ya mwaka uliofuata.

Lakini kuna jambo halikuandikwa kiaponi,
nami nililijua kwa miguu, si kwa karatasi.
Nyuma ya shamba la Sedivy nyasi hufanya duara,
pana hatua ishirini, imedidimia kidogo,
na pengo upande wa mashariki: mlango.
Hapo Wapawnee walikaa, ukoo kwa ukoo,
nyumba ya udongo, jua likiingia kwanza hadi jikoni.
Hakuna aliyewaletea Biblia wala kioo cha kukodi.
Na hata wangeletewa,
duara halina kumi na mbili kwa chochote.
Fomu haikuwa na nafasi ya kulijaza.

Vojtech ni babu wa mama yangu.
Shamba bado letu, ekari mia moja na sitini, mahindi.
Jana, saa ya chakula, hakuna mtu,
niliandika 21 kwenye risiti, nikaitia kiatuni,
nikapanda ngazi hadi mlango mkubwa wa mahakama.

Inakwaruza.
Jioni nilisahau kuitoa,
nikaenda nayo hadi kwenye duara, nikasimama pengoni,
sikujua kama mtu hubisha hodi
mahali pasipo na ukuta.