Usinipumulie Jani

Amani, juu ya Muheza, saa tatu kasoro asubuhi.
Ukungu bado umeilalia migomba ya Shebughe,
nami nimebeba betri ya gari mgongoni
kwa kitenge cha mke wangu, kama mtoto asiyelia.
Mbele yangu Bi Naetwe na sanduku lake.
Ndani mna koleo la kioo
linaloshika jani moja tu
na kulihesabia pumzi.

"Mzee Kaniki," huniambia
(nina arobaini na moja, ila fomu yake iliandika hivyo),
"geuza uso. Usinipumulie jani."

Kwa kuwa pumzi yangu nayo ni ukaa.
Ukaa, mkaa: herufi moja tu kati yao,
na moshi wa tanuri la marehemu baba,
na wa malori ya mbao, na wa chokaa inayochomwa Pongwe,
umo humuhumu, hauonekani.
Hewa ukaa. Na kweli inakaa:
baba tulishamzika,
moshi wake bado uko juu.

Tulianza na mhesi, pale penye uwazi
mti mkubwa ulipoanguka masika yaliyopita.
Mhesi hauna adabu ya kungoja.
Jua likimwagika, unapanua mdomo;
Bi Naetwe akifungua chupa, akizidisha ukaa,
tarakimu zinapanda kama bei ya mafuta ya taa.
Unakula cha leo na cha kesho,
na jasho lake linapungua,
maana matundu ya jani hayaachwi wazi kama zamani:
anayeshibia mlangoni hana haja ya kuufungua wote.

"Basi moshi utaliwa, uishe?" nikauliza.
Hakujibu. Alinyoosha kidole kivulini.

Kivulini mna mche wa msambu.
Majani saba. Naujua tangu ulipokuwa nayo matano,
na hiyo ni miaka minne.
Tukalibana jani, tukalifungulia chupa.
Tarakimu ikatikisika kidogo, ikatulia.
Mchele umejaa ghalani, jikoni hamna moto.
Nuru ndiyo kuni, na kuni huku hugawiwa
na wakubwa walioko juu, tawi juu ya tawi,
wakiangusha makombo.
"Hicho kidogo usikidharau," alisema Bi Naetwe.
"Ndicho kinachotenga mche unaoishi
na mche unaokonda."

Tukangoja kombo.
Dakika kumi na moja. Siafu mmoja akapanda soksi yangu,
nikamwacha.
Ndipo upepo ukasogeza tawi fulani huko juu
na kisahani cha jua kikatua juu ya jani,
kadiri ya sarafu ya shilingi mia.
Nilidhani litaruka. Halikuruka.
Lilichelewa kuamka, kama mtu aliyezoea kunyimwa
akisikia jina lake linaitwa dirishani
na kutazama nyuma kwanza.
Kisha likaanza kufungua, taratibu, taratibu,
na tarakimu ikapanda, ikapanda tena,

nami nilikuwa nimesahau.
Nilikuwa nimeinama, mdomo wazi.
"Lo!" nikasema, kwa pumzi yote niliyokuwa nayo.

Skrini ikaruka kama mbuzi.
Kisahani kikahamia kwenye kangaga, kikazimika.
Bi Naetwe alinitazama, hakugomba.
Alichukua kalamu nyekundu
akaufuta mstari wa kumi na tisa,
na pembeni akaandika: Kaniki.

Jioni, nikishuka na betri iliyokwisha nguvu,
niliufikiria mstari ule.
Daftari limenikataa, sawa.
Lakini jani lilikuwa wazi wakati ule,
na jua lilikuwa bado halijahama.

Mwakani, au mwaka wa kufuata,
ukitoa la nane,
nitaomba nilitazame.
Kwa mbali. Uso nimegeuza.