Mabano

Mimi nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu za Bunge, Akra.
Miaka ishirini na sita chini ya kiti cha Spika,
nikinasa kila neno la waheshimiwa,
na yasiyo maneno nikiyatia kwenye mabano:
(Makofi.) (Kicheko.) (Kelele.)

Perpetua Dakuraa aliingia Januari, upepo wa jangwani ukivuma,
midomo imempasuka, viatu vipya vinambana,
Mbunge wa Banpuo Magharibi kwa kura sitini na moja.
Kabla ya hapo alikuwa mkunga.

"Mheshimiwa Spika, nimeulizwa mto wetu una upana gani.
Wahandisi wana mita zao. Mimi nina kipimo changu.
Mama aliyeshikwa, ndani ya mtumbwi, wakati wa kiangazi:
uchungu mara tatu.
Mvua zikija, mara saba.
Naomba daraja."

Niliandika: (Kicheko.)
Walicheka kweli. Kazi yangu haikuwa kuongopa.

Muhula wa kwanza alikuwa upinzani, akaambiwa, ngojeni mshike serikali.
Wakaishika. Akaambiwa, ngoja bajeti.
Akajifunza kwamba bunge lenyewe liko koridoni.
Akapiga kura ya ndiyo kwa muswada wa migodi
alioulaani mchana ule ule mkahawani;
nilimwona, kijiko kikizunguka kikombe
ambacho chai yake ilikwisha zamani.
Hilo sikuliandika. Mkahawa hauna mabano.

Alfajiri, mlangoni kwake, foleni:
ada, mabati, jeneza la shemeji,
na mzee mmoja aliyelala ndani ya basi kutoka Banpuo
ili aje kumwonyesha jino.
"Nusu yao niliwapokea mimi," aliniambia siku moja kwenye lifti,
"nimewaona kabla hawajajua kudanganya.
Nitawafungiaje mlango?"

Mwaka wa kumi na moja zikasimama nguzo mbili.
Mkandarasi akalipwa ya tatu, akayeyuka.
Watoto wakazigeuza jukwaa la kupigia mbizi,
ndege wakazipaka chokaa.
Akauliza swali la msingi. Akauliza la nyongeza.
Waziri, yeyote yule, alisimama, akafunga kifungo cha koti:
mchakato unaendelea.
Neno "daraja", kinywani mwake, nimelihesabu:
mara mia nne na tisa.
"Mchakato" sikuwa na nguvu ya kuhesabu.

Kisha kura za maoni za chama zikamwangusha.
Kijana mmoja aligawa pikipiki thelathini,
yeye aligawa maelezo.
Siku ya mwisho alipita mezani pangu, viatu mkononi.
"Ile siku ya kwanza, uliandika kwamba walicheka?"
"Niliandika, Mheshimiwa."
"Vizuri. Usije ukaifuta."

Nami nikastaafu. Nikapewa saa ya ukutani na kipaza sauti kibovu, kwa utani.
Sijui nini kilinipandisha basi la kaskazini mwezi wa Agosti,
mtu wa pwani mimi, nisiyejua hata salamu ya Kidagaare.
Mto ulikuwa umefura, rangi ya uji wa mtama.
Kwenye mtumbwi, kando yangu, mwanamke kijana,
mikono yote miwili imeng'ang'ania ukingo.
Nilitazama saa yangu, nikaona haya, nikashusha mkono wa shati.
Alipofumba macho mara ya kwanza nikakunja kidole.
Nguzo mbili zikapita kushoto kwetu, zimebeba mawingu.
Vidole vya mkono wa kulia vikaisha.
Nikaanza wa kushoto.

Ng'ambo, ndani ya maji hadi magotini,
alisimama bibi mwenye aproni, mikono imekwisha kunyooshwa.
Alinitambua. Hakuonyesha kushangaa.
"Sita," nilimwambia, nikimpa upande mmoja wa yule mama.
"Saba," akasema Perpetua.
"Shika vizuri. Anashikwa tena."