Pete za Ufito

Uzi hukata chuma.
Usinibishie. Mimi ni fundi cherehani, Gerezani,
mwaka wa ishirini na saba huu.
Nimefungua mashine za washonaji waliokwisha kufa
nikakuta, pale uzi unapopinda kuelekea sindano,
mfereji mwembamba kama uliochorwa kwa wembe.
Pamba tu ile. Pamba na siku nyingi.

Kwa hiyo Chaurembo aliponiletea ufito wake,
mwanzi wa Uluguru aliouchana mbavu sita
akazibana kwa gundi na mpira wa baiskeli,
akasema, "Nitilie pete, zozote,"
nikamwambia kaa kwanza.
Zozote ni neno la mtu asiyevua.

Maana huu si ufito wa risasi na kipande cha dagaa.
Hapa kinachorushwa ni mshipi wenyewe:
unarudi nyuma, unanyooka hewani, unakwenda mbele,
na kile kinyoya cha jogoo kinaufuata tu
kama mtoto aliyeshika upindo wa nguo ya mama.
Ukiitundikia ncha uzito, mwanzi unasinzia.
Ukitia chuma laini, mshipi uliojaa mchanga wa Mzinga
utakigeuza msumeno,
kisha msumeno uukate mshipi.

Nyepesi, tena isiyolika.
Itafute hiyo, kwa bei ya chai na chapati.

Pini za nepi zilishika kutu kabla ya Ijumaa.
Waya wa shaba, wa mota ya feni, ulipendeza macho
ukapindishwa na kidole cha mjukuu wangu.
Spoku ya baiskeli ni ngumu, sikatai,
lakini pete tisa za spoku
ni kumvisha bibi harusi mnyororo wa nanga.
Chaurembo akaja na mkufu wa fedha wa dada yake.
Nilimrudisha nao mbio, dada hajaamka.

Waya tuliupata Upanga, kwa Shamshu wa meno ya bandia,
anayetengeneza vyuma vya kunyooshea meno ya watoto.
"Huu," alisema, "hukaa kinywani miaka miwili,
na ndimu, na soda, na matusi. Haushiki kutu."
Nikaupinda kwa koleo ncha,
mgongo wa nyoka anayegeuka njiani,
miguu yake miwili nikaisaga bapa
ili uzi wa hariri uipande bila ngazi.

Ya kwanza, ile ya karibu na mkono, ndiyo hubeba taabu.
Hiyo ilikuwamo kwenye kopo langu la vifungo:
kijicho cha kauri, cha mtambo wa kufumia,
kiwanda kimefungwa siku nyingi,
mama alikuwa zamu ya usiku.
Nyuzi za kanga ngapi zilipita mle?
Nilikitazama kwa lenzi ya fundi saa.
Hakina hata mkwaruzo.
Mama ndiye aliyetoka na mifereji, vidoleni.

Sonara Jamnadas alitupimia kwa mzani wa dhahabu.
Alizipanga pete nane sahanini,
akainama, akavua miwani.
"Haya, ziweke basi," akasema.
Zilikuwa zimeshawekwa. Gramu mbili kasoro.

Jumapili tukapanda juu ya paa, Mtaa wa Kipata,
vanishi bado inanuka.
Mrusho wa kwanza ulimvika Chaurembo kilemba.
Wa nne ulinyooka juu ya kamba za nguo,
ukashuka taratibu,
ukanasa soksi ya shule ya mwana wa Mama Tunu,
ya kushoto, bado inadondosha maji.

Anaivuta polepole, kwa adabu,
kana kwamba ni kolekole na ana ndugu wanaotazama.
Mimi nimeinama, sikio kwenye kauri.

Kimya.

Irudishe, namwambia. Tuivue tena.