Moja Mbele, Moja Nyuma

Nilikuwa na miaka kumi na tisa
na jicho lililopenda vitu sawasawa:
meza isiyoyumba, shanuo lisilopungua jino.
Kwa hiyo siku nilipolala chini ya pikapu ya Mwanahawa Nambunga,
mgongo juu ya boksi lililokunjuliwa,
vumbi jekundu la Tandahimba likinidondokea kwenye kope,
nikaziona shokapu mbili za nyuma, nikacheka.

Ya kulia imeinamia mbele ya ekseli,
ya kushoto imeegemea nyuma yake,
kama ndugu waliogombania shamba la mikorosho
wakakutanishwa msibani.
Nikasema, kuna fundi alilewa hapa.

Fundi Chitanda alikuwa ameenda Mtwara mjini kufuata bushi.
Nikawasha mashine.
Nikaikata breketi ya kulia,
nikaichomelea nyuma, sambamba na mwenzake,
nikarudi hatua tatu kuitazama kazi.
Nzuri.
Ungeweza kuipiga picha.

Msimu ulikuwa umeshika. Magunia kumi na mawili,
Mwanahawa mwenyewe kwenye usukani,
utingo Likwata juu ya mzigo na redio yake.
Kwenye kilima cha kuelekea Mahuta, pale mchanga unapokula tairi,
akakanyaga mafuta, na ekseli ikajisokota
kama nguo mikononi mwa dobi.
Springi zikajipinda, zikaachia, zikajipinda tena,
matairi yakadunda palepale, du-du-du-du,
na shokapu zangu mbili, zilizokubaliana kwa kila kitu,
zikalikubali na hilo.

Magunia mawili yalishuka yenyewe.
Likwata akashuka nayo.
Yeye alipona. Redio haikupona.

Chitanda aliporudi hakunitukana.
Alilala chini, akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika,
akatoka na mpini wa jembe.
“Ushike kwa viganja. Usifumbe vidole.
Sasa nauzungusha. Uzuie.”
Nikauzuia.
“Tazama mikono yako.”
Mmoja ulikuwa unasukuma, mwingine unavuta,
na mimi sikuwa nimeuamuru hata mmoja.
“Basi,” akasema, “mikono ilijua.
Wewe ndiye hukuiuliza.”

Tuliirudisha breketi mbele kabla ya magharibi.
Mwanahawa alikata bei ya redio kwenye ujira wangu,
akahesabu mbele yangu, noti kwa noti,
na sikuwa na neno.

Ile pikapu ingali inapita na korosho zake,
imebadilishwa injini, imebadilishwa rangi mara mbili.
Ikiletwa gereji, vijana wangu huwahi kulala chini,
na kila mwaka mmoja huibuka akicheka:
“Fundi, shokapu za huku zimekaa kombo!”
Humpa mpini wa jembe.

Simwambii atazame juu kidogo, upande wa kulia wa chasisi,
kwenye makovu mawili ya kuchomelea,
moja limeshika shokapu,
moja halijashika kitu.