Nyuma ya Daftari

Alfajiri Mwaloni nashona viroba vya dagaa:
elfu saba, mkononi, yenye magamba.
Jioni darasani nafundishwa hesabu za mamilioni.

Za kwangu naziandika nyuma ya daftari.
Chai na chapati, mia saba.
Bando, mia tano, la usiku mmoja tu.
Nauli, sifuri: kilima cha Bugando
nimekipanda kwa viatu vya Kabula.
Kibubu, elfu mbili,
za sarafu, ili zisikike.

Haba na haba, wanasema.
Hawasemi kibaba siku hizi ni bei gani.

Saa nne usiku mama anapiga kutoka Sengerema.
"Kwandu, umekula?"
"Nimeshiba, mama."

Nakitikisa kibubu. Kinasema.
Ule uongo sijui niuandike wapi,
kwenye matumizi
au kwenye akiba.